Lawama Dhidi ya Haki Sawa: Kipi Hasa Kimeitikisa Familia?

Kila yanapozungumzwa mambo ya ndoa katika Jiji la Dodoma, iwe kwenye kikao cha harusi kule Ipagala, kijiwe cha bodaboda pale Sabasaba au semina ya wanandoa kanisani, hakosekani mtu wa kusema kwamba familia zimeharibika tangu wanawake walipoanza kudai haki sawa. Wengine humaliza kwa maneno matatu tu: "mambo ya Beijing". Lawama hiyo hutoka vinywani mwa wanaume na wanawake, wasomi na wasiosoma, na si haki kuipuuza kana kwamba wanaoisema ni watu wa chuki tu. Anaisema baba ambaye neno lake halisikilizwi tena na wanawe, anaisema bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wametawanyika mijini, na siku hizi anaisema hata mama aliyesoma hadi chuo kikuu na kujikuta amechoka kuliko mama yake ambaye hakusoma. Uchungu wao ni wa kweli. Ninachokitilia shaka ni jibu wanalopewa wanapouliza nani aliyewafikisha hapo, kwa sababu ndani ya lawama hiyo moja kuna mambo ya sheria, ya uchumi, ya malezi na ya siasa za wafadhili, yote yamechanganywa na kuitwa ufeministi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa huko tarehe zinajieleza zenyewe. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Beijing, China, Septemba 1995, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, jambo lililoufanya mji huo wa mbali uzoeleke katika mazungumzo yetu. Lakini mambo mengi yanayodaiwa kuletwa na Beijing yalikwisha kuandikwa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, miaka 24 kabla ya mkutano wenyewe. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 66 kilitamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake, hata kama mila inasema vingine. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali hiyo. Wanaosema kwamba enzi za Mwalimu Nyerere ndoa zilikuwa ndoa wanazungumzia enzi zilezile ambazo sheria hii ilitungwa, tena na Bunge ambalo karibu wote waliokuwamo walikuwa wanaume.

Haikuwa sheria ya upande mmoja, wala haikuwa na haraka ya kuwatenganisha watu. Inatambua ndoa ya wake wengi. Iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi huku mvulana akisubiri miaka 18, hadi Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ziliposema kwamba tofauti hiyo inakiuka Katiba. Na kwa kawaida hairuhusu mtu kukimbilia mahakamani kudai talaka kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa.

Ndani ya sheria hiyohiyo kuna jambo linaloipa lawama ya wanaume mashiko kuliko hoja nyingine zote, nalo linahusu fedha. Mtaani husemwa kwamba hela ya mume ni ya familia na hela ya mke ni ya mke. Maneno hayo hayakuokotwa hewani. Kifungu cha 63 kinamtaka kila mume kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi kadiri ya uwezo wake, wakati mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mumewe pale tu mume huyo anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu wa mwili au wa akili. Kwa hiyo mke ambaye ni mwalimu, mwenye mshahara unaouzidi mara mbili ujira wa mumewe fundi seremala, hana wajibu wa kisheria wa kumnunulia mumewe hata kilo moja ya unga maadamu mume huyo ana afya. Mkosoaji anayeuliza huu ni usawa wa namna gani anauliza swali la haki kabisa, na mwanaharakati anayemjibu kwa kejeli anajidhoofisha mwenyewe.

Hata hivyo, mpangilio huo haukubuniwa na wafeministi. Ni wa kale kuliko wao. Waislamu wa Kondoa wameurithi kutoka katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambamo matunzo ya mke ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri, na mali ya mke haiguswi bila ridhaa yake. Mila za wafugaji na wakulima wa Ugogo nazo zilimtarajia mume awe na ng'ombe wa kutoa mahari na wa kukinga njaa mvua zinapokata. Wajibu huo ulikuwa na mantiki katika jamii ambamo mwanamume ndiye aliyeshika mifugo, ardhi na baadaye ajira. Kilichofanyika ni kwamba haki mpya za mke ziliwekwa juu ya wajibu wa zamani wa mume, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kama viwili hivyo vinaweza kuishi nyumba moja bila kugombana.

Maisha nayo hayaifuati sheria neno kwa neno. Mwanamke anayeuza mlenda, nyanya na dagaa katika Soko la Majengo hafungi fedha yake kwenye upindo wa khanga kwa ajili ya anasa zake. Inaishia kwenye unga wa jioni, daftari la mtoto, sabuni na mchango wa msiba. Tatizo ni kwamba anachotoa kinaitwa msaada, hakiitwi wajibu, na msaada hauna heshima ya kudumu katika nyumba. Mume asiyeweza kutimiza wajibu wake anaona aibu ya mtu aliyeshindwa peke yake, na mke anayefidia pengo hilo anaona uchungu wa mtu asiyehesabiwa. Hapo ugomvi hauhitaji mwanaharakati wa kuuchochea.

Kuhusu kazi, ukosoaji mwingi unaosambaa kwetu umezaliwa kwingine. Betty Friedan alipoandika mwaka 1963 juu ya huzuni ya mama wa nyumbani wa Marekani, aliwaandikia wanawake wa tabaka la kati, waliosoma, ambao waume zao walikuwa na mishahara ya kulisha nyumba nzima. Mwaka 1984, bell hooks, mwandishi mweusi wa nchi hiyohiyo, alimkosoa kwa kutosema nani angeitwa kulea watoto na kutunza nyumba pindi wanawake hao wakienda kazini. Miaka ya karibuni Nancy Fraser, naye mfeministi, ameeleza jinsi mabepari walivyolipokea kwa mikono miwili wazo la mwanamke anayejitegemea, kwa kuwa liliwasaidia kuhalalisha utaratibu ambamo familia hutegemea mishahara miwili midogo badala ya mmoja unaotosha. Wakosoaji wakali kabisa wa vuguvugu hili, kwa hiyo, wametoka ndani yake lenyewe, na nadhani hoja zao zina uzito kuliko video fupi za simu zinazoishia kusema mwanamke arudi jikoni.

Lakini hadithi hiyo ukiileta Chamwino au Bahi jinsi ilivyo, inapwaya. Mwanamke wa Kigogo hakungoja mtu amruhusu kufanya kazi. Amelima uwele na mtama, ametwanga, ameteka maji mbali na kubeba kuni tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Aliyetoka kwanza kwenda kutafuta mshahara ni mwanamume. Mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa mwaka 1947 uliajiri maelfu ya vibarua wa kiume kabla haujafa baada ya miaka michache, na mkonge wa mikoa ya mashariki uliwavuta wengine mbali zaidi. Mume aliyekuwa akiishi mbali na mkewe kwa ajili ya kazi alikuwapo muda mrefu kabla ya mke wa kisasa anayelaumiwa kwa jambo hilohilo.

Kilichompeleka mwanamke sokoni kwa wingi ni ukata wa miaka ya 1980. Bidhaa ziliadimika, thamani ya mshahara ikaporomoka, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mageuzi yaliyobana matumizi na ajira. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo, alikuta familia nyingi za mjini zinaishi kwa miradi midogo kuliko mshahara, na sehemu kubwa ya miradi hiyo, kama maandazi, pombe za kienyeji na ufugaji wa kuku, ilikuwa mikononi mwa wanawake. Hakuna semina iliyowatuma. Walitoka kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na waume wengi waliridhia kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

Mwanamume alibaki wapi? Swali hili halijapewa nafasi linayostahili. Margrethe Silberschmidt, mtafiti kutoka Denmark aliyewachunguza wanaume wa Kisii nchini Kenya na baadaye wa Dar es Salaam, alieleza kwamba mwanamume aliachiwa cheo cha kichwa cha familia huku uwezo wa kiuchumi uliokibeba cheo hicho umeondoka. Wengi, kwa maelezo yake, walitafuta heshima iliyopotea kwenye pombe, kwenye nyumba ndogo na kwenye ukali. Mtu akiliona tukio la mwisho tu, yaani mume mkali na mke mwenye kijiduka chake anayejibu, ni rahisi kusema kijiduka ndicho kilichomharibu mke. Mnyororo mzima ukiutazama, unaona kwamba kiburi cha mke, kama kipo, kilikuja mwishoni kabisa.

Dodoma yenyewe imetoa mfano ambao kila mtumishi wa umma anaufahamu. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba serikali inahamia hapa kwa vitendo, maelfu ya watumishi walipewa barua za uhamisho kutoka Dar es Salaam. Nyumba nyingi ziligawanyika: mke wa wizarani akaja Dodoma, mume mwenye biashara Kariakoo akabaki, watoto wakaachwa upande wenye shule nzuri. Treni ya kisasa iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imewapunguzia uchovu wa barabara, lakini ndoa ya kukutana Ijumaa na kuagana Jumapili bado ni ndoa ngumu. Mke anapokataa kuacha kazi aliyoitafuta kwa miaka, husemwa kwamba amependa kazi kuliko ndoa. Mume anapokataa kuhamisha duka lake, husemwa kwamba anatafuta riziki. Uamuzi uliowatenganisha wote wawili ulikuwa wa kiserikali, nao hautajwi hata kidogo.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wakosoaji wako karibu zaidi na ukweli, ingawa mara nyingi hawaifikii. Mtazame mtumishi mmoja wa kawaida anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha jiko la gesi, anapika uji na kuumimina kwenye chupa, anakagua sare, anatafuta soksi iliyopotea, anamwachia dada wa kazi fedha ya mboga na maagizo ya dawa ya mtoto mdogo, kisha anatoka kuwahi usafiri. Kutwa nzima simu yake inaita: homa imepanda, gesi imeisha, mwalimu anamtaka mzazi. Jioni akirudi, anavaa khanga na kuanza zamu ya pili, huku mumewe, ambaye naye ametoka kazini amechoka kweli, anasubiri chakula mbele ya taarifa ya habari.

Si kwamba wanaume wote hawapendi kusaidia. Wapo wanaoogesha watoto na kufua, lakini hufanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mama mzazi au jirani akimkuta na sufuria mkononi atasema amelishwa limbwata. Aibu hiyo ina nguvu kuliko sheria yoyote, na sheria yenyewe imeikubali kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua pacha, na inampa baba siku 3. Siku hizo 3 humtosha baba kulipa gharama za hospitali, kuwapigia simu ndugu na kununua kuku wa supu. Hazitoshi kujifunza kumlaza mtoto anayelia usiku. Sheria ileile iliyomlinda mwanamke ofisini ilirudia kusema, kwa lugha ya siku, kwamba mtoto ni wake peke yake.

Kwa sababu hiyo pengo la nyumbani limezibwa na mwanamke mwingine, aliye maskini zaidi. Dada wa kazi anayeiwezesha nyumba hiyo ya Nkuhungu mara nyingi ametoka kijijini Mpwapwa, Kondoa au ng'ambo ya mpaka wa Singida, ameacha shule, na hata amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimkadiria kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kuwa anaishi kwa mwajiri wake. Swali la bell hooks linapata jibu lake hapa kwetu kila siku. Ninaiona hii kuwa lawama nzito kuliko zote zinazoweza kuelekezwa kwa harakati za haki za wanawake nchini: zimezungumza kwa sauti kubwa juu ya bunge, mirathi na ofisi, na kwa sauti ndogo mno juu ya jiko na juu ya binti anayelala karibu na jiko hilo. Yapo mashirika yaliyowatetea wafanyakazi wa ndani kwa moyo, lakini jambo hili halijawahi kuwa kipaumbele cha mtu anayemwajiri binti huyo, awe mume au mke.

Lawama nyingine ni ya miradi. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango una sababu nzuri, kwa kuwa mwanamke asiye na hati ya nyumba hana cha kuweka rehani benki. Lakini mwanamume mzima wa Bahi aliyepita umri wa ujana, ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, hana dirisha lake. Anachobaki nacho ni kumshawishi mkewe achukue mkopo wa kikundi kwa jina lake, na biashara ikifa wanaokuja kugonga mlango ni wanakikundi. Wengine huishia kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, wakachukuliwa hadi magodoro. Ndoa zimevunjika kwa madeni ya namna hii, na hapo mkosoaji anayesema kwamba mwanamke amebebeshwa mzigo kwa jina la kuwezeshwa hajakosea.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo hoja ya kulinda familia na mila haiwezi kukubaliwa, na mtu wa Dodoma ana sababu ya pekee ya kulisema hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kukeketa wasichana chini ya miaka 18 kulikuwa kosa la jinai tangu mwaka 1998. Waliopigana na jambo hilo, wakiwamo wanawake wa vijijini ambao hawakuwahi kusikia neno ufeministi, waliambiwa vilevile kwamba wanaharibu mila na kuwafanya mabinti wasiolewe. Anayetaka lawama zake zichukuliwe kwa uzito hana budi kusema wazi ni kipi anachokililia.

Talaka nazo hutajwa kama ushahidi, na hapa nitapita haraka kwa sababu ushahidi wenyewe ni mwembamba kuliko inavyodhaniwa. Watu wengi katika mkoa huu huishi pamoja bila cheti. Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 160, huwadhania kuwa wameoana baada ya miaka 2, na wanapoachana hakuna daftari linalojua. Mwanamke wa zamani aliyerudi kwao na watoto baada ya kipigo, akakaa huko hadi kufa, hakuhesabiwa kuwa ameachika. Leo akifika barazani na mahakamani, anahesabiwa.

Wako pia wanazuoni wa Kiafrika wanaoukosoa ufeministi kwa njia ambayo ingefaa isikike zaidi kwetu. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria amedai kwamba wataalamu wa Magharibi waliikuta jamii ya Wayoruba ikipanga watu kwa umri na ukoo, wakalazimisha kuisoma kwa jicho la jinsia pekee. Si lazima kukubaliana naye katika yote ili kuona kwamba mradi unaomhesabu kila mwanamke kuwa mnyonge haumjui mama mkwe wa Kigogo, wala shangazi ambaye bila neno lake mahari haipokelewi. Obioma Nnaemeka, naye wa Nigeria, amependelea kuzungumzia harakati zinazoendeshwa kwa maafikiano, ambamo mwanamke anajua lini asimame kidete na lini azunguke. Ndivyo wanawake wengi wa hapa wanavyoishi tayari, ingawa ripoti za wafadhili hazina safu ya kujaza jambo hilo.

Anayependekeza kwamba mwanamke arudi nyumbani anapaswa kwanza kusema ni nyumba ipi. Mtumishi wa Nkuhungu akiacha kazi, mshahara mmoja hautalipa pango na michango ya shule kwa pamoja, na mumewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kulijua hilo mwisho wa mwezi. Na kule Chamwino, kwa mwanamke anayeamka kabla ya jua kwenda kisimani na kurudi jioni na mzigo wa kuni kichwani, nyumbani ndiko kazini, na hajawahi kutoka.